Nimeanguka mwenyewe na pikipiki, bima wanataka kujua nani kanisukuma

Jamani habari za siku nyingi. Nimepotea hapa kwa sababu kuchapa kwa mkono mmoja ni kazi, na huo mmoja wenyewe ndo ulikuwa unafanya kila kitu, kufunga vifungo, kukata nyama, kubeba mtoto. Wengi mliona picha kwenye status ya mke wangu mkono umening'inizwa shingoni mkadhani nimepata ajali ya gari hapa Houston, wengine mkatuma na pole ya hela kabisa, asanteni sana, Mungu awazidishie. Ila haikuwa gari. Nilianguka na pikipiki, na wala siyo barabarani, ni porini kwenye shamba la ng'ombe la mtu.

Mama aliponipigia kutoka Njombe hakuuliza hata naumwa wapi. Aliuliza, "Mwanangu, Marekani yote hiyo, pikipiki umeikuta wapi?"

Sasa ngoja niwaambie. Baba yangu alikuwa bwana shamba, na wale wa umri wangu mnajua bwana shamba alikuwa anamaanisha nini, ni ile Honda XL ya serikali, tanki limekwaruzika, nyuma kumefungwa mpira wa tyubu wa kubania mfuko wa mbegu. Nimepakiwa juu ya lile tanki kabla sijaanza shule, na nilipofika miaka kumi na tatu nikawa naiiba mzee akilala mchana naizungusha mpaka kwenye miti ya chai narudi naipangusa vumbi. Kwa hiyo mshikaji wangu wa kazini, Mtexas kabisa wa kofia, aliponiambia baba mkwe wake ana shamba kama saa na nusu kutoka hapa, njia ya Huntsville, na wana pikipiki tatu za vumbi na hakuna anayezipanda, mimi mbeba boksi ambaye wiki nzima naona rafu za weahausi tu, unadhani ningekataa?

Ilikuwa Machi 2024, Jumamosi. Helmeti nilivaa, glavu nilivaa, buti nilipewa za mkwewe zikanibana. Asubuhi nzima nimekula raha, mpaka saa nane mchana hivi napandisha kituta kidogo cha mchanga, mwendo wala siyo mkali, gurudumu la mbele likazama. Likazama lote. Pikipiki ikabaki pale mimi nikaendelea na safari juu ya usukani na nikatua kwa bega la kushoto. Sauti niliisikia kabla ya maumivu, kama mtu kavunja muwa gotini. Mtulinga, ule mfupa unaotoka chini ya shingo kwenda begani, umekatika vipande viwili na kimoja kinasukuma ngozi kutoka ndani kama kidole kinataka kuchungulia nje.

Shimo lilikuwa la armadilo. Huyu ni mnyama wa huku, ukimwona anakatiza haraka utasema kakakuona kwa yale magamba yake, ila ukoo hawana kabisa. Kwetu kakakuona akitokea kijijini watu wanakusanyika, wazee wanamwekea vitu wasome mwaka utakuwaje. Huyu wa Texas yeye anachimba tu mashimo usiku anatafuta wadudu, na hajali nani atapita mchana. Mkumbuke huyu mnyama maana atarudi.

Hospitali nilipelekwa na pikapu, mshikaji anaendesha mimi nahesabu matuta. Na hapo lazima niwasifu, kwa sababu sisi tuliozoea nyumbani tunajua ukifika na jeraha la ajali swali la kwanza ni PF3, ile fomu ya polisi, iko wapi, ndugu anaanza kukimbia polisi wewe unavuja damu kwenye benchi. Huku kuna sheria ya 1986 inayosema imejensi lazima wakupime na wakutulize kwanza, hela na bima ni baadaye. Kweli walinipiga picha, wakanichoma sindano, wakanifunga, wakasema huu hauungi wenyewe, rudi uwekewe chuma. Siku tisa baadaye nikawekewa pleti na skrubu saba. Kabla ya upasuaji daktari aliomba kibali bima, bima wakakubali kwa maandishi, mimi nikasema basi, mambo yameisha, kazi imebaki kwa mfupa.

Kumbe PF3 ya huku ipo. Inakuja baada ya matibabu, kwa posta.

Barua ya kwanza ilikuja mwanzoni mwa Aprili. Imetoka jimbo lingine, kampuni ambayo sijawahi kuisikia maishani, haina hata jina la bima yangu juu ya bahasha, ndani wanasema tumeona umepata matibabu ya jeraha, tafadhali jaza fomu hii utueleze ilitokeaje, wapi, na kama kuna mtu mwingine anahusika. Nikajua matapeli. Si unajua huku kila siku unapigiwa eti gari lako waranti imeisha, mara hela zako za kodi, nikasema hawa nao wamepata jina langu hospitali. Nikaiweka pamoja na yale makaratasi ya punguzo la kuku, na mnajua hayo yanaishia wapi.

Ya pili ikaja mwisho wa Aprili, na maandishi mekundu. Nayo nikaipuuza, kwa sababu nilikuwa na maumivu na usingizi hamna, na kiukweli nilikuwa naogopa. Ntawaambia naogopa nini.

Mwezi wa tano nafungua akaunti yangu ya bima kwenye simu naangalia ile karatasi ya maelezo ya malipo. Hii karatasi kila mtu anayekaa huku aijue, juu kabisa inaandikwa kwamba hii si bili, wengi hatusomi hapo macho yanakimbilia kwenye namba. Yangu ilikuwa imepangwa safu safu: imejensi, eksirei, chumba cha upasuaji, dawa ya usingizi, daktari, pleti yenyewe. Hospitali imeomba dola 61,480. Bima imelipa dola 0. Sehemu ya mgonjwa, 61,480. Mke wangu akachukua simu akazidisha kwa shilingi, ikawa zaidi ya milioni 150, akarudisha simu mezani taratibu kama mtu anaweka yai. Chini kabisa kulikuwa na kimstari kidogo chenye namba ya sababu, na maelezo yake: tunasubiri taarifa kutoka kwa mwanachama.

Mwanachama ni mimi. Ile karatasi iliyokwenda na kuku.

Sasa nielezee hii kitu inavyofanya kazi maana mimi nimekaa huku miaka tisa na nilikuwa sijui. Hospitali ikituma madai kwa bima haitumi hadithi, inatuma kodi, siyo ile ya serikali, ni "code", namba ya kutambulisha ugonjwa au jeraha. Kila ugonjwa na kila namna ya kuumia ina kodi yake, mpaka kuumwa na bata ina kodi yake, W61.61, siwatanii. Mtulinga wangu ni S42, ndani yake kuna namba inayosema ni wa kushoto na umehama. Kodi za familia hiyo ya S zikionekana kompyuta ya bima inaamka inasema huyu kaumia, kaumizwa na nani? Kama ni kazini, alipe mwajiri kwa bima ya ajali za kazini. Kama ni gari, ilipe bima ya gari. Kama kateleza dukani, alipe mwenye duka. Wenyewe wanaita sabrogesheni, maana yake bima anavaa viatu vyako, anakwenda kumdai aliyekuumiza hela aliyotumia kukutibu. Na hawafanyi wenyewe, wanaajiri kampuni nyingine ya kufuatilia, ndo maana barua inatoka kwa mtu usiyemjua. Mpaka ujibu, madai yanakaa njiani. Na kibali? Kibali kinasema upasuaji ni wa lazima, hakisemi nani atalipa. Hiyo niliielewa kwa bei.

Basi nikapiga simu. Saa moja na dakika kumi asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu, na nilikuwa nimemeza kidonge cha maumivu. Mashine ikasema bonyeza hiki kwa Kihispania, kwa lugha nyingine sema jina la lugha. Kingereza changu hakina shida sana lakini nikajisemea leo kichwa kizito, na hii ni hela nyingi, acha niongee lugha ya mama, nikasema "Swahili". Dakika tatu hivi akaingia mkalimani, sauti ya baba mmoja mpole sana, anaongea Kiswahili cha Kongo, kile cha Goma au Bukavu huko. Dada wa bima anauliza kwa Kingereza, baba anageuza, mimi najibu. Tumekwenda vizuri, jina, tarehe ya kuzaliwa, anuani. Halafu baba akaniuliza:

"Papa, ulianguka na moto?"

Nikasema hapana, sikuungua, hakukuwa na moto wowote.

"Hapana moto?"

"Hapana kabisa. Nilivunjika tu."

Akamgeuzia dada, namsikia kwa Kingereza anasema bwana anasema hakuna pikipiki. Nikaruka kitandani! Kumbe kwao moto ndo pikipiki yenyewe, wameitoa kwenye Kifaransa, hata Bujumbura wanasema hivyo hivyo, na mimi nawajua Wakongo kibao hapa Houston tunasali nao ila siku hiyo kidonge kilikuwa kimeshika. Ikabidi niingilie kwa Kingereza, sorry sorry, pikipiki ipo, moto haupo, yaani moto upo lakini ule wa magurudumu mawili. Dada kimya. Baba mkalimani akaanza kucheka chini chini, mwisho akasema, "Papa, mimi naona wewe unaweza ongea mwenyewe, lakini ntabaki." Akabaki kweli. Mungu ambariki.

Tulipotulia ndo nikaambiwa tatizo la pili. Dada akasema kwenye mfumo inasomeka ajali ya pikipiki barabarani, tupe jina la bima yako ya pikipiki. Nikasema dada, ile siyo pikipiki ya barabara, haina plati namba, haina taa, haina bima, ilikuwa shambani. Akasema kodi iliyoletwa inaanza na V28. Baadaye nikaja kuelewa, V28 ni ya mpanda pikipiki aliyeumia bila kugongana na chombo kingine, na ndani yake wanachagua kama ni barabarani au siyo, na mtu wa hospitali alichagua barabarani. Wakati pikipiki za vumbi zina kodi yao, V86.56, ajali isiyo ya barabarani. Herufi moja na tarakimu chache, lakini kwa hiyo V28 wao walikuwa wanasubiri bima ya pikipiki ambayo haipo duniani ilipe kwanza.

Kwa hiyo kama umeumia kwa kitu kama changu, omba hospitali bili yenye mchanganuo na kumbukumbu zako za matibabu, siyo ile bili ya mstari mmoja, na soma aliyekupokea aliandika umeumiaje. Mimi imejensi niliulizwa "pikipiki?" nikasema ndiyo, basi. Ningesema sentensi nzima, pikipiki ya vumbi, shambani, nimeanguka peke yangu, ningejiokolea wiki sita. Kurekebisha yenyewe haikuwa ngumu, nilipiga simu idara ya kumbukumbu za hospitali, wakasema andika, nikaandika aya moja, wakamuuliza daktari, wakatuma madai upya.

Ikabaki fomu. Na hapa ndo ile hofu yangu.

Fomu ina maswali kumi na moja. Moja mpaka sita ni mepesi, ulikuwa kazini, hapana, gari, hapana. La saba linasema, taja mtu au mali nyingine iliyohusika. La nane, ajali ilitokea kwenye eneo la nani, jina lake, anuani, na bima yake ya nyumba. La tisa, chombo kilikuwa cha nani.

Sasa we fikiria. Mzee wa watu kanikaribisha kwake, mkewe kanipikia, nyama ya kuchoma imekatwa vipande vinene hivi, kanipa pikipiki ya mwanae bure, mafuta kaweka yeye, nilipoanguka yeye ndo alinivua buti akikata kamba kwa kisu ili nisisikie maumivu. Halafu mimi nikae mezani kwangu niandike jina lake kwenye karatasi ya watu wanaotafuta wa kumdai? Kwetu huko ni kumchongea mtu. Mtu akikuuliza nyumbani uliumiaje kwa fulani unasema bahati mbaya tu, unaishia hapo, na kila mtu anaelewa. Fomu haina kisanduku cha bahati mbaya, nimetafuta.

Na ukifikiri hapo ni pagumu, subiri ushauri wa msibani. Jumapili ile tulikuwa na msiba wa mwenzetu, tumekaa nje, jamaa mmoja namheshimu, kaka mkubwa tu, akaniambia, "Mdogo wangu, hiyo ni hela umekalia. Mzee ana shamba, ana bima. Chukua wakili, wale wa kwenye mabango, hulipi kitu mpaka mshinde. Mzee haumii, inalipa bima yake." Wengine wakaitikia. Na siwezi kuwadanganya, na 61,480 kichwani, nililala nalo usiku mmoja.

Asubuhi nikaanza kusoma, na nilichokuta kikanituliza. Kwanza Texas ina sheria, sura ya 75 ya kanuni zao za madai, inayomlinda mwenye ardhi anayeruhusu watu kuja kucheza kwake bure, wajibu wake kwako unakuwa mdogo sana, kama hajakutegea kwa makusudi au kwa uzembe wa kupindukia huna kesi. Shimo la mnyama porini, nani kategea? Pili, hata ungeshinda, yule yule bima anasimama mlangoni. Kuna kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2013, US Airways dhidi ya McCutchen, jamaa aligongwa akaumia vibaya, mpango wa bima wa kazini ukamlipia dola 66,866, akapata fidia dola 110,000, wakili akachukua asilimia 40, akabakiwa na 66,000, na mpango ukadai zile 66,866 zote. Yaani apewe kila kitu na bado aongeze 866 mfukoni! Mahakama ikasema mkataba wa mpango ndo unatawala, isipokuwa kwenye ada ya wakili, hapo mkataba ulikuwa kimya kwa hiyo mpango nao uchangie. Nikamtumia kaka yule kwenye WhatsApp. Akajibu kwa emoji.

Lakini swali la nane bado lipo. Nikaona hapana, siwezi kuandika jina la mtu bila yeye kujua. Nikampigia mzee mwenyewe, nimejiandaa kama naenda kuposa, nikaanza na hali ya hewa, ng'ombe, mvua. Akanikatisha. Akasema mwanangu, hiyo barua mimi nimeipata mara nne, farasi wangu kaangusha watu wangapi hapa, wape jina langu, wape simu yangu, wakinipigia nitawaambia ukweli, na mimi nina jambo moja tu nataka kujua, lile shimo liko upande gani wa kituta nilifukie?

Nikasema upande wa kaskazini. Akasema asante akakata. Huo ndo msala niliokuwa naukimbia miezi miwili.

Usiku huo nikajaza. Kabla ya kujaza nikafungua kile kitabu cha mpango, kila mwenye bima ya afya ya kazini ana haki ya kukiomba, na ukiomba kwa maandishi wanatakiwa wakupe ndani ya siku 30. Changu kurasa 112. Nilikuwa natafuta neno pikipiki kwa woga, kwa sababu sheria ya huku ina kitu cha ajabu, mpango wa kazini hauwezi kukukatalia uanachama eti kwa sababu wewe ni mtu wa pikipiki, lakini unaruhusiwa kuandika kwamba majeraha ya michezo ya namna fulani hatulipi. Wengine wanaandika. Wetu umeandika mashindano ya kulipwa tu. Hapo nikakumbuka status yangu ya Jumamosi ile asubuhi, nimepiga picha na helmeti nimeandika "mashindano ya Texas yameanza, kombe linakuja Njombe". Moyo ukafanya pa! Sikuifuta, maana kufuta ndo kunaonekana vibaya, na hata hivyo ilishajifuta yenyewe baada ya masaa 24, nikaamua wakiniuliza nitasema ulikuwa utani, hakuna kiingilio, hakuna zawadi, na mshindani alikuwa mtoto wa miaka kumi na moja ambaye alinishinda. Hawakuuliza.

Nilijaza kwa sentensi fupi fupi. Nilikuwa naendesha. Sikuwa kazini. Hakuna aliyenigonga. Eneo ni la fulani, pikipiki ni ya fulani, nilikuwa mgeni, sikulipa. Sikuweka nadhani, sikuweka labda, na sikutia saini ile karatasi ya nyuma ya kuwaruhusu wachukue kumbukumbu zangu zote za matibabu tangu kuzaliwa, nilipiga simu kuuliza kama ni lazima wakasema siyo lazima kwa sasa. Nikapiga picha kila ukurasa, nikatuma kwa faksi ya maktaba, ndiyo faksi, nchi iliyopeleka mtu mwezini inatumia faksi, na nikatunza kile kikaratasi cha kuthibitisha imefika.

Swali la saba, mtu au mali nyingine iliyohusika, nikaandika: shimo la armadilo.

Siku nne baadaye nikapigiwa. Dada mwingine, anasoma kama anasoma orodha, akafika hapo akasimama. Akauliza, bwana, huyo mnyama ana mwenyewe? Nikadhani nimesikia vibaya. Akarudia, taratibu, je armadilo anamilikiwa na mtu yeyote? Nikaelewa, maana mbwa akikuuma bima ya nyumba ya mwenye mbwa inalipa, kwa hiyo na yeye ana kisanduku lazima ajaze. Nikasema dada, huyo hata mwenye shamba hajawahi kumwona, anaona mashimo tu. Kimya. Nasikia kibodi. Halafu akasema kwa sauti ile ile, sawa, mnyama wa porini, hana mmiliki.

Faili likafungwa wiki iliyofuata. Madai yakapita upya: hospitali imeomba 61,480, bei ya makubaliano yao na bima 17,900 (hiyo tofauti imekwenda wapi msiniulize, haikuwahi kuwa hela, ilikuwa namba ya kutishia watu), mimi natoa 3,000 ya kwanza ile wanaita didaktibo, na asilimia 20 ya iliyobaki, 2,980. Jumla 5,980. Bado inauma. Nikaomba kulipa kidogo kidogo, wakanipa miezi 24 bila riba, na kuna wenzangu hospitali zao zisizo za faida zimewapunguzia sana kwa sababu sheria inazitaka ziwe na mpango wa kusaidia wenye kipato kidogo, ila hawakwambii mpaka uulize, kwa hiyo ulizeni. Na kama wewe umeshakataliwa kabisa, siyo kusubirishwa kama mimi, mipango ya kazini mingi inakupa siku 180 za kukata rufaa, hesabu kuanzia siku ulipopata barua ya kukataliwa, usilale.

Mfupa umeunga vizuri. Ila pleti inanigusa nikivaa mkanda wa gari, daktari akasema itolewe, imetolewa mwezi uliopita, dakika arobaini, nimerudi nyumbani mchana huo huo. Skrubu saba nimepewa kwenye kichupa, mwanangu wa pili anazipeleka shule kuonyesha.

Na jana bahasha imekuja. Kampuni ile ile, jimbo lile lile, tumeona umepata matibabu ya jeraha, tafadhali tueleze ilitokeaje. Mke wangu kaibandika kwenye friji na sumaku ili isije ikaenda na kuku. Nimeshampigia mzee kumwambia atapigiwa tena, akasema shimo alilifukia ila wamechimba jingine mita mbili pembeni. Sasa hivi fomu iko mbele yangu na kalamu ninayo, mkono wa kushoto ndo umeshikilia karatasi isiteleze, nimefika swali la saba.